Wakia 13 Chini ya Jua la Mombasa

Mizani ya sonara ndiyo iliyonifundisha kununua kitambaa. Mtaani kwetu, Mji wa Kale, yuko sonara mwenye mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Wengine humpelekea vipuli na pete. Mimi humpelekea vitambaa. Nakata kipande cha mraba, sentimita 10 kwa 10, nakikunja, nakiweka juu ya kisahani chake, naye hunisomea namba kwa makini yaleyale anayoisomea dhahabu. "Mbili nukta sita," huniambia, kisha huniandikia kwenye karatasi nisije nikasahau.

Hizo gramu 2.6 ukizizidisha kwa mia unapata gramu 260 kwa mita ya mraba. Jora la kitambaa cha suti huwa na upana wa sentimita 150 hivi, kwa hiyo unazidisha tena kwa moja na nusu, na hapo una gramu 390 kwa kila mita unayokatiwa dukani. Mafundi wa zamani, pamoja na vitabu vya sampuli vya Uingereza, huhesabu kwa wakia kwa yadi. Wakia moja kwa yadi ni kama gramu 31 kwa mita. Gramu 390 basi ni karibu wakia 13. Kwa suti ya mtindo wa miaka ya 1930 na 1940 itakayovaliwa hapahapa Mombasa, hiyo ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote. Najua kwamba kwa mtu wa pwani inasikika kama kumfunika mtu blanketi mchana wa Februari.

Hesabu hii niliilipia.

Nyumbani kwetu ukutani iko picha ya babu mzaa baba, ilipigwa studio kabla ya uhuru. Amesimama mkono mmoja mfukoni, amevaa koti la vifungo sita linalofunga kifua pande mbili, lapeli zake, yaani zile kola zilizopinduliwa kifuani, pana kama majani ya mkungu, na suruali inayoshuka kutoka kiunoni hadi juu ya viatu bila kukatika popote. Suti ile nimeitamani tangu utotoni. Dada yangu mdogo alipoposwa nikasema wakati umefika, harusini nitaingia na suti ya babu.

Nikafanya ambalo karibu kila mtu wa hapa angelifanya. Kwetu kuna joto, basi nikatafuta kitambaa chepesi. Nikaagiza mtandaoni sufu nzuri ya kijivu, na maelezo ya muuzaji yalisema "280" pasipo kueleza ni kwa kipimo gani. Nikachukulia ni gramu 280 kwa mita ya mraba, kadiri ya kati, si kizito wala si chepesi sana. Kumbe ilikuwa kwa mita ya jora, ile unayokatiwa kwa upana wote. Ukigawa kwa moja na nusu unabaki na gramu 187 tu kwa mita ya mraba, yaani wakia 9 kwa hesabu ya wazee. Tangu siku ile sinunui kitambaa kabla ya kuuliza: gramu hizi ni za mita ya mraba au za mita ya jora? Muuzaji asiyejua jibu, naomba sampuli nipeleke kwa sonara.

Fundi wangu ana kibanda Makadara, na cherehani yake ya miguu ina umri mkubwa kunishinda. Alikishika kitambaa kile, akakifinya ngumini, akakiachia, akakitazama kinavyofunguka. "Mwanangu," akaniambia, "kitambaa kizuri hiki, lakini ni cha koti jembamba la siku hizi. Koti la mzee wako lilikuwa na nyama." Nikamwambia fundi, joto hili la kwetu unalijua. Akanyamaza, akachukua tepu, akanipima.

Suti ilishonwa kwa ustadi wote alionao, na bado haikufanana na ile ya pichani. Lapeli ambayo ilipaswa kuviringika taratibu kuanzia kifungoni ililala bapa kama ukurasa uliokanyagwa. Kifuani, pale ambapo koti la miaka ile huacha nafasi ya kitambaa kushuka kwa mkunjo mmoja laini kando ya kwapa, kulijaa makunyanzi. Suruali ilikuwa na mzunguko wa inchi 22 chini, na kila nilipopita upepo unapotoka baharini, kitambaa kilijizungusha miguuni. Baada ya kukaa mkekani wakati wa nikaha, mikunjo nyuma ya magoti ilibaki hadi usiku. Zaidi ya yote, joto halikupungua hata kidogo. Kufikia saa nne usiku kitambaa kilikuwa kimeganda mgongoni na mapajani kwa jasho.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: kitambaa kinapoa kwa sababu gani?

Uzito ni jambo moja, na kupitisha hewa ni jambo jingine. Uzito ndio unaovuta kitambaa kishuke na kukaa pale fundi alipokiweka, na ndio unaokirudisha baada ya kukaa na kuinuka. Ubaridi unatokana na ufumaji. Nyuzi zikisokotwa kwa nguvu, mbili au tatu pamoja, kisha zikafumwa kwa mfumo wa kawaida, mmoja juu mmoja chini, huku zikiachiwa nafasi, kinapatikana kitambaa kizito chenye matundu madogo yasiyohesabika. Ukikiinua kuelekea dirishani unauona mwanga ukipenya. Huko Uingereza huuzwa kwa jina la fresko, na watengenezaji wengine wana majina yao. Kikishikwa kinakwaruza kidogo mkononi, hakina ulaini wa kumvutia mnunuzi dukani, ndiyo maana wengi hukipita. Na kwa kuwa nyuzi zake zimesokotwa kwa ukali, ukikifinya kinaruka kurudi kama chemchemi ya godoro.

Kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana, hasa kikiwa cha polista, kinaweza kuwa cha gramu 200 na bado kikakupika, kwa sababu hewa haina pa kupita na jasho halina pa kwenda. Sufu ina tabia nyingine kabisa: inaweza kunywa unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake wenyewe kabla hujaanza kuuhisi kama maji kwenye ngozi. Kwa mji kama huu, ambao hewa yake yenyewe ina maji, sifa hiyo ina thamani kubwa. Kitambaa chenye uzito pia hakishiki ngozi. Kinasimama mbali kidogo na mwili, na suruali pana inapotembea hewa inaingia na kutoka, kama ilivyo ndani ya kanzu.

Kwa hiyo nina vipimo viwili ninavyofanya dukani, na wauzaji wa kuanzia Biashara Street hadi Digo Road wameshanizoea. Cha kwanza ni kupuliza. Nakiweka kitambaa karibu na midomo, kiganja kikiwa nyuma yake, napuliza kama anayepoza chai. Pumzi ikifika kiganjani bila kusukumwa, kitambaa kinafaa kwa Mombasa hata kiwe kizito. Isipofika, nakirudisha mezani hata kiwe chepesi kama leso. Cha pili ni moto. Naomba uzi mmoja kutoka pembeni na kuuchoma nje ya duka. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopondeka kwa vidole. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muuzaji mwaminifu hakasirikii kiberiti.

Kuna namba nyingine inayowapoteza watu, nayo ni ile "Super 100" au "Super 120" inayochapwa kwenye pindo la jora. Nimewasikia wengi wakiisoma kama uzito. Ni wembamba wa unyoya mmoja wa sufu: Super 100 haitakiwi kuzidi mikroni 18.75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kadiri namba inavyopanda unyoya unakuwa mwembamba zaidi. Namba kubwa humaanisha ulaini, na mara nyingi pia humaanisha kitambaa kinachokunjamana upesi. Kwa suti ya kizamani mimi hata siiangalii.

Kwa nini nguo za enzi ile zilikuwa nzito hivyo? Kwanza, huko zilikobuniwa nyumba zilikuwa baridi, watu wakiota moto wa makaa ya mawe chumba kimoja kimoja, na suti ya wakia 14 hadi 18 ilikuwa ya kawaida. Lakini mtindo wenyewe ulitegemea uzito huo. Frederick Scholte, fundi wa London aliyemshonea Duke wa Windsor, yule aliyekuwa Mfalme Edward wa Nane, anatajwa kuwa ndiye aliyeleta mkato ule wenye kifua kilichojaa na kiuno kilichoingia. Mkato huo unaongeza kitambaa kifuani na mgongoni makusudi. Kitambaa cha ziada kikiwa kizito kinashuka kwa mkunjo wa kupendeza. Kikiwa chepesi kinabaki kuwa kitambaa cha ziada tu. Hata mkunjo wa nje kwenye miguu ya suruali una kazi: sentimita tano za kitambaa maradufu zinaivuta suruali chini ili mstari wa pasi usipinde. Serikali ya Uingereza iliupiga marufuku mwaka 1942 wakati wa vita ili kuokoa nguo, na wanaume hawakupenda. Nawaelewa.

Wala pwani hii si ngeni katika kupima nguo kwa mkono. Katika karne ya 19 nguo iliyotawala biashara kutoka Unguja hadi bara ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts, na sifa yake kubwa ilikuwa unene na uimara. Mababu waliokuwa wakiipapasa kabla ya kulipa walikuwa wakifanya kazi ileile ninayoifanya kwa sonara.

Suti yangu ya pili nilishona kwa sufu ya kusokotwa kwa ukali, rangi ya kahawia iliyopauka, gramu 390 kwa mita. Fundi alikifinya ngumini, kikaruka, akatabasamu kabla ya kusema neno. Safari hii tulizungumza zaidi kuhusu vilivyomo ndani kuliko vya nje, maana ndani ndiko suti nyingi za Mombasa zinakoharibikiwa. Mtu anachagua kitambaa chenye kupumua, kisha koti lote linawekwa bitana ya polista kuanzia begani hadi pindoni, na matundu yote yanakuwa yamezibwa. Tuliweka bitana mikononi na juu ya mabega tu, mgongo ukabaki wazi, mishono ya ndani ikapindwa kwa utepe. Kifuani fundi aliweka kanvasi, kile kitambaa kigumu cha ndani kinachoshika umbo la koti, ya kushonwa kwa mkono badala ya ile ya gundi inayobandikwa kwa pasi. Ya gundi nimeiona ikiachia na kufanya malengelenge kifuani baada ya misimu michache ya jasho na mvuke.

Niliacha pia vifungo sita. Koti la kufunga pande mbili lina kitambaa mara mbili tumboni, na hapo hata gramu 340 zinakuwa nyingi. Nikachagua vifungo vitatu, lapeli iviringike hadi cha katikati. Kizibao sikuweka. Ukitaka kizibao Mombasa kishone kwa ajili ya Julai, wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ukivuma. Kuanzia Desemba hadi masika kiache kabatini.

Suti hiyo nimeivaa sasa mwaka wa nne. Nimeivaa kwenye nikaha, kwenye mahafali, na nimevuka nayo kivuko cha Likoni saa sita mchana. Joto nalisikia, nisidanganye mtu. Suti ni suti. Lakini nikifika niendako inakuwa bado imesimama, na nikivua koti shati halijalowa mgongo mzima.

Gramu 280 kwa mita ya jora au chini yake sishauri kabisa kwa mkato wa kizamani. Kati ya 310 na 340 panafaa kwa koti la kuvaliwa juu ya kanzu, kwa sababu kanzu inaleta hewa yake yenyewe na koti halina suruali ya kulisaidia au kuliangusha. Hapo ufumaji ulio wazi na mgongo usio na bitana vinatosha. Kitani nacho kina siri yake: watu hununua chepesi, kikajaa mikunjo midogo mikali kama karatasi. Kitani kizito, cha gramu 340 na kuendelea, hukunjamana kwa mawimbi makubwa laini, na mawimbi hayo ndiyo uzuri wake. Moheri, nywele za mbuzi wa Angora, ikichanganywa na sufu hukaza kitambaa na kukipa mng'ao, inapendeza usiku. Flaneli naipenda mno, na ninayo moja ya gramu 400, lakini imepigwa hadi nyuzi zikafungana na uso wake ukawa na manyoya, hewa haipiti. Hiyo napanda nayo treni kwenda Nairobi mwezi wa saba. Asubuhi za Nairobi wakati ule, flaneli inajieleza yenyewe.

Jambo moja la kutunza, kwa kuwa sufu ni mali na hewa yetu haina huruma: usiifungie suti ndani ya mfuko wa plastiki. Ukungu utaikuta humo. Itundike mahali penye hewa, ipigwe brashi, na ukiifukiza udi kabla ya harusi, sufu itaubeba moshi ule hadi kesho yake.

Sasa kabuti. Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alipata nafasi ya kusoma Glasgow, kule Uskoti kwenye baridi. Akaniambia, "Mjomba, nitanunua jaketi hukohuko." Nikamwambia jaketi anunue, lakini kabuti ataondoka nalo kutoka kwetu.

Hapa mawazo ya mtu wa Mombasa hukosea upande uleule, ila kwa sababu tofauti. Tunashona kabuti tukiwa tumekaa kwenye joto, mkono unaogopa uzito, tunachagua cha gramu 450 kwa sababu hapa tayari kinatisha. Huko kinageuka kuwa koti la kawaida lililorefuka. Kabuti la mtindo wa zamani, linaloshuka chini ya goti, linahitaji gramu 700 kwa mita au zaidi. Linavaliwa juu ya suti, kwa hiyo linakatwa na nafasi mabegani na kifuani, na urefu ule wote ukikosa uzito upepo unaufanya bendera. Zaidi ya hapo, kanuni ya ufumaji inageuka chini juu. Kwenye suti ya Mombasa nilitafuta pumzi ipite. Kwenye kabuti la Glasgow natafuta isipite kabisa. Kitambaa cha namna hiyo ni meltoni, sufu iliyoloweshwa na kupigwa hadi ikashikamana kama mkeka mmoja, nyuzi zisionekane. Upepo hauoni njia, na mvua nyepesi inabaki juu kama umande.

Meltoni ya jora haipatikani Mombasa kirahisi, na kuagiza kilo mbili na zaidi za sufu ni gharama. Tukaenda soko la Kongowea. Makabuti huja ndani ya marobota ya mitumba, na kwa kuwa watu wa hapa hawana haja nayo, hubaki yamening'inia nyuma ya jaketi wakisubiriwa wanunuzi wa bara. Tulipapasa mengi. Mengine yalikuwa mazito kwa sababu ya bitana ya sponji tu, na moja lilinuka polista mara nilipochoma uzi. La mwisho lilikuwa la bluu iliyokolea, la mwanamume mkubwa sana, bega limechakaa kidogo. Ndani ya pindo palikuwa na akiba ya kitambaa. Nikakata sentimita 5 kwa 5, nikapeleka kwa sonara. Gramu 1.25. Vipande kama hivyo 400 ndivyo mita ya mraba, basi ni gramu 500, na kwa mita ya jora gramu 750. Wakia 24.

Fundi alilifumua lote, mshono kwa mshono, kazi ya siku tatu. Akalipiga brashi kutafuta manyoya yanalala upande gani, kwa maana meltoni ikikatwa kipande kimoja juu na kingine chini, rangi zitatofautiana juani. Akaweka sindano namba 18 na kushona taratibu. Kwenye kupiga pasi alitumia ile ya makaa, nzito, na kitambaa kibichi juu. Kitambaa kinene, alisema, hakitii pasi nyepesi. Siku ya kujaribu ilikuwa Agosti, na hata kusi ikivuma mpwa wangu alitoka jasho hadi kidevuni, amesimama na suti na kabuti juu yake huku feni ikizunguka. "Mjomba, nitakufa," akasema. Fundi akamwambia, "Vumilia, baba. Nyoosha mgongo."

Uwanja wa ndege wa Moi begi lake lilikuwa limeshafika kilo zinazoruhusiwa. Akaondoka na kabuti mkononi, bitana nje ili lisishike vumbi. Novemba alinipigia simu ya video akiwa kituo cha basi, mvua ya huko ikinyesha kwa ubavu, kola ameipandisha hadi masikioni. Nikamwambia ageuke nione mgongo. Akageuka. Mshono wa katikati ulikuwa umenyooka kutoka shingoni hadi chini ya goti, na upepo ulikuwa ukipeperusha skafu yake peke yake.